Pakiti Arobaini na Moja za Dawa

Jana Jumapili, saa tisa alasiri, nikiwa nimeshiba makande, nilijilaza kidogo nikaota niko ndani ya gemu.

Ngoja nieleze mapema ili tusisumbuane. Wenzangu kwenye kundi letu la wacheza gemu wameniuliza wiki nzima: "Zai, Kikosi cha Majivu umekionaje?" Nimelicheza kwa saa mia moja na kumi na mbili, peke yangu, chumbani kwangu hapa Iringa, kila nikitoka dukani kuwatolea watu fotokopi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika maoni yangu: picha nzuri, muziki wa huzuni, kusubiri zamu kunachosha. Nimefuta yote. Maoni yangu ni haya hapa chini, anayetaka nyota atazihesabu mwenyewe.

Kwa asiyelijua, dunia imeisha kwa bomu na wewe una kikosi cha watu sita. Mnapigana kwa zamu, unacheza wewe, halafu anacheza adui. Kila zamu unapewa pointi nane, na kila kitu kinakula pointi: hatua, risasi, hata kufungua mlango. Mtu akifa ndiyo kafa, harudi. Na sisi wachezaji tuna mila yetu ambayo hakuna aliyetufundisha: askari hatuwaachi na majina waliyokuja nayo, tunawapa majina ya watu wetu. Mimi mwenye shabaha kuliko wote nilimwita Mbaruku. Ni jina la kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, anaishi Urambo.

Pia tuna ugonjwa wetu. Dawa kali hatutumii. Tunaziweka, eti za bosi wa mwisho, yule adui mkubwa kuliko wote. Bosi wa mwisho anakufa, gemu linaisha, na dawa ziko begini vilevile. Mimi nilikuwa na pakiti arobaini na moja. Askari wangu watano walikufa kwa kuvuja damu wakiwa hatua mbili kutoka kwenye begi langu, na wala sikujisikia vibaya. Nilijiona mtu mwenye mipango.

Basi nikaota.

Nimesimama kwenye jangwa la majivu. Jua ni la mchana, rangi ya chai ya rangi. Mbele yangu amelala Mbaruku, mguu wa kulia unavuja damu chini ya goti. Nguo ni za kikosi lakini uso ni wa kaka yangu kabisa, pamoja na mwanya wake. Juu ya kichwa chake inaning'inia tarakimu nyekundu: 3. Nikaelewa. Zikipita zamu tatu bila dawa, sina kaka.

"Zai, hujambo?" anasema.

"Sijambo. Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Salamu zimenila pointi mbili. Zimebaki sita.

Siyo tabu, nikasema moyoni, dawa ninazo tele. Napiga hatua tatu, nafungua zipu ya begi. Begi linakohoa.

"Nikusaidie nini?" linauliza.

"Naomba dawa moja."

"Hizi ni za bosi wa mwisho."

"Huyu ni kaka yangu."

"Yule askari uliyemwita Tabu ulisema ni rafiki yako, mmesoma dawati moja," begi linasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayefuata utaratibu. "Nikakuuliza mara mbili kama nitoe. Ukanifunga zipu. Sasa utaratibu ndiyo huo, siwezi kuubadilisha kwa sababu leo umeamka na huruma. Nenda kaniletee barua ya serikali ya mtaa."

Nataka kubishana. Pointi zimekwisha.

Ikawa zamu ya adui. Adui ni nge, mkubwa kuliko trekta. Anakuja taratibu, anavuta miguu kwenye majivu, anasimama juu ya Mbaruku na kumwangalia kwa muda mrefu. Hamgusi. Ananigeukia mimi.

"Huyu hana mtu?" ananiuliza.

Siwezi kujibu. Si zamu yangu. Nimesimama pale, mdomo umefungwa, na nge anatikisa kichwa kwa masikitiko kisha anaondoka zake.

Tarakimu inakuwa 2.

Nikigeuka, jangwa halipo. Niko ofisi ya serikali ya mtaa. Paa limeng'oka, majivu yamejaa mpaka kwenye madirisha, lakini benchi la wanaosubiri lipo. Mbaruku amelazwa juu ya meza ya mapokezi na damu inadondoka kwenye daftari la wageni. Nakaa. Kukaa kwenye benchi ni bure.

Pembeni yangu amekaa bwana mrefu mwembamba, amevaa tai, kifuani ameandikwa 95%, ile asilimia ya kupata shabaha ambayo gemu hukuonyesha kabla hujafyatua.

"Dada samahani," anasema. "Mimi ndiye niliyekosa pale darajani. Risasi aliyopiga Tabu."

"Ulisema tisini na tano!"

"Nilisema tisini na tano. Sikusema mia." Anafuta tai yake. "Mimi watu wote wananichukia, dada. Hakuna anayenikumbuka siku nilizopata."

Jamani, nilimwonea huruma. Ningekuwa na pointi za kuchezea ningempa pole.

Mlango unafunguka na mwenyekiti wa mtaa anatuita ndani. Mwenyekiti ni redio. Ile ya zamani ya mbao, imekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na antena yake imefungwa waya.

"Shida yako?" inauliza.

Hewani mbele yangu yanatokea majibu manne, kama kawaida ya gemu, nichague moja. La kwanza: Nataka barua. La pili: Tishia. La tatu: Chokonoa kufuli. La nne ni la kijivu, halibonyezeki: Nimekosa, nilimsahau ndugu yangu. Chini yake imeandikwa: Linahitaji Kusema na Watu, kiwango cha nne.

Kiwango changu ni sifuri. Ujuzi wangu wote niliuweka kwenye kulenga, kufuli na kubeba mizigo.

Nachagua la kwanza.

"Mtu mzima kama wewe," redio inasema, "huna hata kiwango kimoja cha kusema na watu?"

"Nilicheza peke yangu. Sikuona nitakihitaji."

"Hmm," inasema redio, na inakoroma kidogo, inatafuta stesheni. "Haya. Barua nitakupa, ila kuna maswali ya kuthibitisha undugu. Ndugu yako siku hizi anafanya kazi gani?"

Hapo nikajiamini. Hakuna duniani anayemjua Mbaruku kunizidi.

"Shabaha tisa," najibu.

"Sijauliza shabaha. Ana watoto wangapi?"

"Macho saba. Anaona adui kwenye giza."

Naona mwanga mdogo wa redio unapungua, na siyo kwa hasira. Nadhani imeona aibu kwa niaba yangu.

"La mwisho," inasema taratibu. "Mmeongea lini mara ya mwisho?"

"Idi."

"Idi ipi?"

Natafuta. Natafuta kweli. Namkumbuka askari Mbaruku alivyopanda mnara kwenye misheni ya kumi na nne, nakumbuka begi lake lilikuwa na uzito gani na alibakiza risasi ngapi. Kaka yangu simkumbuki tangu ile safari aliyokuja na kuku wawili kwenye kikapu, na mwaka wenyewe siujui. Kila jioni nilikuwa nasema nitampigia wikendi, nikiwa nimetulia, nimpigie kwa nafasi. Nilikuwa nayaweka maongezi mazuri kwa ajili ya baadaye. Nikajisikia mpweke ambavyo sijawahi kujisikia, na mwenye kosa la upweke huo ni mimi.

Nikataka kulia. Kulia ni pointi nne. Nilikuwa nimebaki na mbili.

Zamu ikaisha. Nge anachungulia dirishani, juu ya majivu.

"Bado tu?" anauliza. Anasubiri kidogo kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa asijue aseme nini, halafu anaenda.

Tarakimu inakuwa 1.

Ofisi imeondoka na redio yake. Tumebaki watatu, mimi, begi na Mbaruku, kwenye ukumbi mtupu wa rangi ya samawati ambao nadhani ulikuwa darasa letu la chekechea. Mbaruku amekuwa mweupe midomoni.

"Nirudishe kwenye seivu ya zamani, pale nilipohifadhi gemu," nawaza, na begi, ambalo sikuliambia kitu, linajibu.

"Seivu ya mwisho mkiwa wawili ni ya zamani sana. Nikikurudisha utasema yaleyale, kwamba utampigia wikendi. Nimeisikiliza, ninayo hapa."

Sawa. Barua sina, kusema na watu siwezi, lakini kufuli nawezana nazo. Nalichokonoa begi kwa nguvu. Linapiga kelele, linaniita mwizi, linaita majirani ambao hawapo. Pointi tano zinakwenda. Zipu inaachia na pakiti zote arobaini na moja zinamwagika sakafuni.

Natazama moja. Nasoma. Imeisha muda. Natazama nyingine. Imeisha muda. Nazipitia zote kwa macho tu, maana kusoma ni bure. Hakuna hata moja nzima.

"Uliniambia nizitunze," begi linasema, sasa kwa upole. "Sikukwambia zinangoja."

Nina pointi tatu. Mbaruku amefumba macho. Sijui nilifikiria nini, nadhani sikufikiria. Nikavua kitambaa cha kichwani, kile changu cha maua ya njano ninacholala nacho. Pointi moja. Nikakizungusha mguuni juu ya kidonda, nikavuta, nikafunga fundo. Pointi ya pili. Damu ikaloanisha ua moja, kisha la pili, ikaishia hapo.

Ikabaki pointi moja, yaani sentensi moja.

Majibu yakatokea hewani. Lile la kijivu lilikuwa bado la kijivu. Nililibonyeza kwa kidole, halikubonyezeka. Nikasema potelea mbali, mdomo ni wangu.

"Nimekosa, kaka, nilikusahau."

Ukumbi mzima ukatetemeka kama gemu linalotaka kuganda. Ile tarakimu nyekundu ikazimika. Mbaruku akafumbua jicho moja akaangalia mguu wake.

"Umekaza mno," akasema.

Nikaamka.

Saa kumi na nusu. Jua la dirishani limefika ukutani, kompyuta imelala, jirani anapepeta mchele uani. Nimelowa jasho na kichwa kiko wazi. Nikapapasa mto, nikainua godoro, nikaangalia uvunguni. Kitambaa hakuna. Mlango nilikuwa nimefunga kwa komeo.

Sikuwaza sana. Nilichukua simu nikapiga Urambo, nikiwa sijatulia na wala sina nafasi. Ikaita mara sita.

"Halo, nani mwenzangu?"

Alikuwa hana namba yangu. Nilibadilisha laini tangu mwaka juzi, nikapanga nitamwambia. Niliumia, lakini nilistahili.

"Zaituni," nikasema. "Shikamoo, kaka."

Nikasikia kuku, na mtoto analia mbali kidogo. Mtoto nisiyemjua jina.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekupigia tu. Mguu unaendeleaje?"

Nikasikia anasogea mbali na yule mtoto.

"Nani kakwambia habari za mguu?"

"Wa kulia. Chini ya goti."

"Nina kidonda hapo tangu mwezi wa nne, Zai. Nilijikata na jembe la ng'ombe, hakitaki kupona. Sijamwambia mtu wa huko."

"Mbona hukuniambia na mimi?"

"Ningekwambia kwa njia gani?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nikalia. Nililia vizuri tu, bila kuhesabu chochote, na yeye akaniacha nilie, kama alivyokuwa akiniacha zamani. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke inapanda.

"Huyo ni nani? Ndiye mwenyewe? Muulize!"

"Ngoja, mke wangu."

"Muulize sasa hivi!"

"Zai," kaka akasema, na akashusha sauti, "hapa kwangu kuna kesi. Nilijilaza mchana huu baada ya kula. Kuamka, nimefungwa mguuni kitambaa cha kike. Wifi yako anasema si chake, watoto hawakijui, na mimi sina la kusema. Kidonda hakiumi tena, lakini nani atanisikiliza habari za kidonda?"

"Kina maua ya njano?"

Simu ikakwaruza, ikachukuliwa na mkono mwingine.

"Wewe ni nani, na maua ya njano umeyajuaje?" akauliza yule mwanamke.

"Ni mimi, wifi. Zaituni, mdogo wake Mbaruku. Kitambaa ni changu."

Akavuta pumzi. Nikamsikia anamgeukia mtu, anasema, "Kumbe huyu dada yako yupo?" Halafu akarudi kwangu, sauti imelegea kidogo, bado ina mashaka.

"Nimekifua, nimekianika. Nikitume na basi au?"

"Hapana. Nitakuja kukichukua mwenyewe."

"Lini?"

Lile jibu la siku zote likanijia lenyewe, limeshafika kwenye ulimi: nikipata nafasi.

"Ijumaa," nikasema.