Gharika Kabla ya Ukame

Mkono wangu ulisimama katikati ya karatasi, mfupa wa kukunjia ukiwa juu ya mkunjo wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe katika kiwanda kile cha vitabu nikasoma mistari mitano kwa mpigo. Yule mwanamke wa kitabuni alikuwa amekaa kizingitini, gharika inakuja, na mama yake anamsuka nywele kwa mara ya mwisho. Wanaagana. Jambo hilo halikuwezekana. Juzi tu, katika karatasi nilizokunja juzi, mwanamke huyohuyo alikuwa ameshamsahau mama yake kabisa.

"Umekufa ganzi?" shangazi aliuliza kutoka meza ya gundi, bila kuinua kichwa.

"Hapana, shangazi."

"Basi kunja. Kengele yuko mlangoni."

Kengele alikuwa msimamizi wetu. Tulimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, kwa sababu sauti yake ilitangulia kuingia chumbani na mwili ukafuata. Ndiye aliyebandika ukutani, juu ya meza yangu, tangazo la maneno mawili: MKUNJAJI HASOMI. Anayesoma huchelewa, na mmoja akichelewa, mashine nzima inamsubiri.

Lakini mimi sikuchelewa, na hapa lazima nieleze ujanja wangu. Karatasi kubwa hutoka kwenye mashine ikiwa na kurasa nane mbele na nane nyuma, nyingine zimesimama sawa, nyingine kichwa chini. Ukiikunja mara tatu, kurasa hujipanga zenyewe, ikawa kitita kimoja. Vitita kumi vikishikanishwa kwa gundi ni kitabu. Nakala elfu mbili maana yake, kwa kila kitita, ni karatasi elfu mbili zinazofanana kama mapacha. Kwenye ya kwanza nilisoma mstari mmoja, nikakunja. Kwenye ya pili nikaendelea nilipoishia, nikakunja. Nilijifunza kusoma hata kurasa zilizopinduka. Hadithi iliniingia hivyo, tone kwa tone, na kati ya tone na tone nilikuwa naungua.

Kitabu cha kwanza cha hadithi hiyo nilikuwa nimekiokota karibu miaka mitatu nyuma, kwenye pipa la nakala zilizoharibika, hakina jalada. Mwanamke mfinyanzi anavunja chungu cha zamani na papo hapo anajikuta katika mwaka ambao chungu kile kilifinyangwa. Anataka kurudi hadi siku mji wao ulipozingirwa, amtoe kaka yake ndani ya kuta. Ila uchawi ule una masharti: kila chungu anachovunja kinamtoa mtu mmoja kichwani mwake, na aliyetoka harudi. Nilikisoma kwa miezi saba, kidole chini ya kila neno. Kiliishia ameinua chungu juu ya jiwe. Kwa miaka miwili, nikifua, nikipika, nikitembea kwenda kazini, chungu kile kilikuwa kingali hewani, mpaka kitabu cha pili kilipofika mezani kwangu.

Niliishia darasa la tano. Bibi alivunjika nyonga, mtu akahitajika kubaki naye nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa mkimya kuliko wote. Alipoweza kusimama tena, wenzangu walikuwa wamekwenda mbali, nami niliona aibu kuingia darasani na watoto walionifika kiunoni. Kiwandani walitaka waliomaliza. "La saba huyu, na alama zake nzuri," shangazi alimwambia Kengele siku aliponileta. Mimi nikatazama viatu vyangu. Hakuna aliyeuliza tena.

Sasa nilikuwa na kitita cha tisa mkononi, na kitu kimevunjika ndani yake. Nilivizia Kengele atoke, nikachomoa kitita cha nane kwenye rundo la juzi. Namba za kurasa zilifuatana vizuri. Sura hazikuwa na namba, zilikuwa na miaka tu: katika cha nane, Mwaka wa Ukame, katika cha tisa, Mwaka wa Gharika. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa hadithi.

Keshokutwa shangazi angeanza kupaka gundi. Kitabu kikishapakwa gundi hakifunguki bila kuchanwa.

Wakati wa chakula nilimfuata uani, alipokuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza, nikirudi nyuma, nikikosea, nikianza upya.

"Ngoja," alisema. "Ni kitabu cha uchawi?"

"Ndiyo."

"Na wewe unataka kiwe na akili?"

Nikacheka kidogo, yeye hakucheka. Alifuta vidole vyake, ambavyo havikuwahi kutakata gundi kwa miaka kumi na moja.

"Sikiliza, mwanangu. Ukienda kwa Kengele atakuuliza umejuaje. Ukisema umesoma, umevunja amri yake. Akikwambia usome asikie, umenivunja mimi. Nani alikutuma?"

Hakuna aliyenituma. Nilirudi mezani, nikachukua mfupa. Nilikunja karatasi arobaini na kila moja ilinichoma. Niliwaza watu elfu mbili ambao, kama mimi, wameacha chungu hewani kwa miaka miwili; watafika ukurasa huu, watadhani ni wao wasioelewa. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Mimi nilikuwa nimedhani hivyo mara nyingi, kuhusu mambo mengi.

Nikainuka. Nikachukua vitita vyote viwili.

"Mzee, shikamoo," nilisema mlangoni kwa Kengele, ingawa tulikwishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Sura mbili zimepishana."

Alitazama namba za kurasa, kama nilivyotazama mimi. "Hazijapishana."

"Namba hazijapishana, mzee. Mambo ndiyo yamepishana."

Akaita kwa sauti yake yote fundi wa kupanga kurasa, kijana tuliyemwita Miwani. Miwani alikuja, na nyuma yake wakaja wengine, kwa kuwa sauti ile haikuwahi kumwita mtu mmoja peke yake. Shangazi alisimama nyuma kabisa.

"Onyesha," Kengele aliniambia. "Soma tusikie."

Nikaweka kidole. Nilisoma kama ninavyosoma, neno kwa neno, nikikwama, nikirudia. Hata mashine ya chumba cha pili ilionekana kunyamaza ili kunisikiliza. Nilisoma mahali ambapo mwanamke anafika mwaka wa ukame, kabla hata hajazaliwa, na kisimani kuna msichana anayeitazama misuko ya mwanamke bila kupepesa. *Nani alikusuka?* msichana anauliza. *Sikumbuki*, mwanamke anajibu. *Mikono hii naijua*, anasema msichana, na kutazama mikono yake mwenyewe.

Uso ulikuwa unaniwaka. Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Hiyo si ndiyo safari yenyewe?" Miwani alisema. "Leo yuko jana, kesho yuko juzi. Mzee, mwandishi alileta gharika mbele na ukame nyuma. Nikasoma humo humo kwamba ukame ulitangulia kwa miaka thelathini. Nikamrekebishia."

"Miaka ndiyo inayoruka," nilisema, na sauti yangu ikanishangaza. "Yeye mwenyewe anaishi siku zake kwa kufuatana, kama sisi. Kwanza anasukwa na mama yake kwenye gharika. Halafu anavunja chungu, na kinachomtoka kichwani ni mama. Halafu ndiyo anafika kwenye ukame, misuko ikiwa kichwani, na hajui ni ya nani. Ukiuweka ukame kwanza, yule msichana wa kisimani ni mpita njia tu. Na ni mama yake."

Kengele alipiga simu kwa mwandishi, akaiweka mezani wote tusikie. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake sufuria zikigongana. Aliposikia maelezo, sufuria zilinyamaza.

"Nani aliyeona?" aliuliza.

"Mkunjaji wetu."

"Kumbe wakunjaji wenu husoma?"

Kengele alitazama ukuta wa ofisi yake, ambako hakukuwa na tangazo. "Huyu anasoma," alisema.

Aliagiza vitita vyote viwili vichapwe upya. Lakini kabla watu hawajatawanyika, Kengele aligeukia kwangu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chumbani tu.

"Darasa la ngapi, kwa kweli?"

"La tano, mzee."

"Na wewe, mama? Uliniambia la ngapi?"

"Nilidhani nimesema la tano," shangazi alijibu. Miwani akageuza uso ili asicheke.

Nilipewa adhabu ya kukaa nyumbani siku tatu, kwa kusoma. Shangazi aliondolewa kwenye meza ya gundi mwezi mzima, akapewa ufagio wa chumba cha mashine, kwa kusema uongo. Wasichana aliowafundisha yeye kazi ndio waliobaki na brashi yake.

Jioni tulirudi kwa miguu kama siku zote, yeye mbele, mimi nyuma. Alitembea haraka, begi kalikumbatia. Tulipita duka la vioo, tukapita fundi viatu anayefunga kibanda. Nilitafuta namna ya kuomba radhi. Kila sentensi niliyoitunga ilikuwa ndefu kuliko pumzi yangu.

Penye kona ya ukuta mrefu alipunguza mwendo.

"Huyo mama," alisema, akitazama mbele. "Siku ile ya gharika, anamsuka. Alijua mtoto atamsahau?"

Nilichukua muda kuelewa kwamba ananiuliza mimi.

"Alijua, shangazi. Alikuwa ameshakutana naye kisimani, miaka thelathini nyuma, na hakukumbukwa."

"Na bado akamsuka."

"Ndiyo."

"Vizuri?"

"Kitabu kimesema mistari midogomidogo. Kazi ya mchana kutwa."

Shangazi alihamisha begi bega la pili. Mbele yetu taa ya barabarani ilijaribu kuwaka, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Na kaka wa yule mfinyanzi je, alimtoa?"

"Sijui. Kitita cha kumi kilikuwa hakijafika mezani kwangu."

"Siku tatu hizo watakikunja wengine."

"Ndiyo."

Akafyonza, si kwa ukali sana. Kisha akanisubiri mpaka tukawa bega kwa bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya njiani.

"Basi nisimulie, anza na kile cha kwanza," alisema. "Kile cha pipani. Na usiruke."