Barabara ya Chaki

Basi huyu fundi cherehani, mzee wa watu, alikuwa na ugonjwa mmoja: hajui kukataza. Paka akilala juu ya kitambaa, fundi anamzunguka kwa mkasi, polepole, asimwamshe.

Siku hiyo binti yake aliyeko ng'ambo akapiga simu. Anakuja na mtoto, mjukuu ambaye fundi hajawahi kumshika hata mkono, na mtoto mwenyewe Kiswahili hana, anajua Kiingereza tu.

"Baba, natamani nikuachie wiki nzima. Lakini barabara iko mlangoni kwako. Akichomoka utamsimamishaje?"

"Si nitamwita."

"Kwa lugha gani? Na wewe hata paka humkatazi! Nikiona huwezi, naondoka naye."

Ndipo fundi akaingia darasa la Kiingereza kwenye chuo cha udereva. Mwalimu, binti mdogo tu, alichora barabara kwa chaki pale sakafuni, viti vikawa magari. You may, una ruhusa. You must not, marufuku. Fundi akafanywa trafiki. Dereva wa lori, wenzake wanamwita Bonge, akaja anasukuma kiti chake, na taa ni nyekundu.

"You may," fundi akasema. "Pita tu, baba."

Mwalimu akashika kichwa. "Babu! Leo umeshaua watu watatu."

"Sasa mwanangu, si ana haraka?"

"Mimi ndiye marehemu wa pili," akasema mama mmoja kule nyuma. "Naomba basi nikae, miguu inauma."

Wakacheka, na fundi akacheka nao, ila njiani kicheko kikamwisha.

Mchana wa kesho yake usingizi ukamchukua palepale dukani kwake, kwenye cherehani. Akaona kitambaa cheusi kinatoka chini ya sindano, kinanyooka, kinapita mlangoni, kimekuwa lami, na mishono yake myeupe ndiyo mistari ya katikati. Magari yanapita bila sauti, mepesi kama pamba. Ng'ambo ya pili kasimama mtoto, anamtazama yeye. Fundi akafungua mdomo amwambie. Ukatoka uzi. Uzi tu, mrefu, hauishi.

Kweli wakaja. Teksi ikawashusha, binti anahangaika na masanduku, na fundi yuko mlangoni na futi yake shingoni, anatafuta neno zuri la kumkaribisha mtoto. Mtoto kaona paka upande wa pili wa barabara. Huyo, kachomoka.

"You must not!"

Sauti ile fundi mwenyewe hakuijua. Mtoto akaganda ukingoni. Lori likapita, upepo wake ukapeperusha gauni la mtoto. Halafu midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka, na fundi moyo ukamwanguka: neno la kwanza kwa mjukuu, nalo la kumfokea.

Akasogea. Akatazama huku, akatazama kule, barabara ikanyamaza kama ile ya ndotoni.

"Now you may," akasema taratibu, akanyoosha mkono. "With me."

Mkono mdogo ukaingia kwenye wake, wakavuka.

Binti akachukua sanduku dogo, la mtoto, akaliingiza ndani.

Jioni mtoto akaokota chaki ya fundi, akachora mstari katikati ya duka. Fundi anakuja na kikombe chake cha chai, mtoto akainua kiganja.

"Must not, Babu!"

Akasimama. Chai inapoa, paka anapita kati ya miguu yake, na mzee wa watu anangoja ruhusa, katulia kabisa.