Mkono wa Mama Kwenye Kabati la Joto

Familia ile haikuwahi kugombana kwa maneno matupu. Kwao neno lilikuwa la kumwita mtu asogee karibu tu. Kazi yenyewe ilimaliziwa na mkono. Na mkono uliotisha kuliko yote ulikuwa wa mama mtu, wa kulia, mpana, ambao ulitua shavuni kabla hujajua kosa lako ni lipi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," mama alipenda kusema, na kweli yeye hakulia hata siku moja. Aliyelia ni binti yake wa kwanza. Kitinda mimba, mvulana, hakuwahi kuguswa hata kwa ukucha. Yeye mkono ule ule ulimpapasa.

Sasa mama alikuwa ameshazikwa, lakini mkono wake ulikuwa hai.

Binti yule alikuwa fundi wa maabara chuoni, na pembeni alikuwa mchongaji. Baada ya udongo na mbao kumchosha, alianza kuchonga kwa vitu vyenye uhai: kuvu, ukungu, mwisho seli za watu. Mama alipolazwa mara ya mwisho, Fundi alimwomba kipande cha ngozi ya kiganja, kidogo kama punje ya mchele. Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Mkono huu? Si ndio uliouchukia siku zote? Haya, chukua. Sasa utaulisha wewe."

Akaulisha kweli. Alizipanda zile seli juu ya umbo laini la mkono alilolifinyanga mwenyewe, akaliweka kwenye sinia la kioo ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu, akawa analibadilishia yale maji ya pinki ambayo seli huishi kwayo. Ngozi ikaenea polepole, vidole vikafunikwa kimoja kimoja. Maonyesho yalikuwa kesho. Watu wangesimama uso kwa uso na mkono ule, na yeye Fundi angesimama nao bila kukwepa. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka maishani, mengine yote alishayasamehe.

Kitinda aliipata habari buchani kwake. Mteja mmoja mwenye mdomo usio na mlango alimwonyesha picha kwenye simu: "Huyu si dada yako? Eti kamkuza mama yenu kwenye chupa!" Kitinda aliacha paja la ng'ombe likining'inia nusu limekatwa, akaondoka na kisu mkononi. Mlinzi wa chuo alimwona mtu mwenye aproni iliyojaa damu akielekea maabara, akadhani ni mambo ya kisayansi, akamfungulia geti.

Alipiga mlango teke.

"Mama yuko wapi?"

"Umemzika mwenyewe, unaniuliza mimi?" Fundi alisema bila kuinua kichwa. "Na huingii humu na viatu vya bucha."

"Nilijua nimezika mama mzima! Kumbe nimezika mwenye upungufu! Unamweka mama kwenye maonyesho kama kichekesho?"

"Alinipa kwa ridhaa yake."

"Alikuwa mgonjwa!"

"Alikuwa na akili kuliko wewe na kisu chako. Toka nje, kabla sijakutoa."

Hapo maneno yakaisha. Kitinda alimshika dada yake ukosi wa koti jeupe akamrusha juu ya meza. Chupa zilipasuka chini ya mgongo wake, vipande vikamwingia begani. Fundi hakupiga kelele. Malezi yale yalimfundisha kwamba kelele huongeza kipigo. Aliteleza mpaka chini, akakamata mguu mmoja wa stuli ya chuma, akamtandika nayo mdogo wake mdomoni. Jino liliruka. Kitinda alitema damu, akaonekana kushangaa kama mtoto, maana kwa miaka yote ile hakuwahi kupigwa na mtu wa nyumbani. Kisha akampiga dada yake teke la mbavu, na kitu ndani kikalia kama kuni kavu. Dada mtu akamuuma mkono. Akamuuma mpaka meno yakakutana.

Kitinda alijinasua, akamkanyaga vidole, akaenda kwenye kabati na kulifungua.

"Usiupumulie!" Fundi alipiga kelele kutoka sakafuni. Ndiyo kelele yake ya kwanza siku hiyo. "Nipige mimi, lakini usiupumulie!"

Kichaa gani huyu, unaweza kusema. Lakini ngozi ile haikuwa na mwili wa kuilinda, na pumzi ya mtu mmoja imebeba vijidudu vya kuiozesha yote. Kitinda, tena, alikuwa anahema kama fahali, na damu ya mdomo wake ikidondokea kwenye yale maji ya pinki.

Aliunyanyua mkono kwa kiganja cha kushoto, akainua kisu kwa cha kulia. Akasimama hivyo.

Mtu wa bucha hushika nyama tangu alfajiri. Anaijua ya jana na ya leo, na anaijua ile iliyochinjwa sasa hivi ambayo bado haijakubali kufa. Aliyoishika sasa hakuwahi kuishika. Ilikuwa na joto sawa na la kiganja chake mwenyewe, halikupungua wala kuzidi.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo. "Huu uko hai."

Kisu kilianguka. Akauweka ule mkono shavuni, akafumba macho, machozi yakachanganyika na damu.

"Alikuwa ananishika hivi nikiumwa," akasema. "Hivi hivi. Unakumbuka?"

Fundi hakukumbuka, atakumbuka nini? Alimtazama mdogo wake akibembelezwa na mkono aliokuwa akiamka kuulisha yeye, na wivu ukampanda, wivu mkavu wa utotoni. Mbavu zilizovunjika hazikumuuma kama kuliona lile shavu la mdogo wake.

"Urudishe ndani, dada. Nisamehe. Nitakuwa nakuja kumwona, hata kumlisha unifundishe."

"Lete," Fundi akasema.

Akampa, kwa mikono miwili, kama anavyopokezwa mtoto mchanga. Dada mtu aliulaza kwenye sinia. Halafu hakufunga kabati. Alifungua chupa ya klorini.

Kitinda alielewa akamrukia, lakini dada yake alishaokota kipande cha kioo, akakigandamiza shingoni mwa mdogo wake mpaka ngozi ikafunguka.

"Sogea uone."

"Usimuue! Dada, nakupigia magoti, usimuue!"

"Umeupumulia. Kilichoingia uchafu hapa ni lazima kiuawe, ndiyo sheria ya maabara."

Sheria ipo kweli, na kesho angeweza kuisoma mbele ya wakubwa wake bila kutikisika. Lakini siku ile hakumwaga kwa ajili ya sheria. Alimwaga kwa sababu mwenzake alikuwa analia, na aliona raha, raha aliyoitamani tangu akiwa mdogo.

Maji ya pinki yalipauka. Povu jembamba lilipanda kwenye vidole, ngozi ikawa nyeupe, ikaanza kubanduka kwenye kiganja. Kitinda alikuwa magotini, damu ikimtiririka kifuani.

"Anaumia?" akauliza.

"Hapana," dada yake akasema. "Mkono huu hauna mshipa wa kuumia. Hata mwenyewe hakuwa nao."

Akaendelea kumimina mpaka chupa ikaisha.