Kiti cha Masaa Tisa

Bwana Muhuri hakumwangalia mke wangu hata usoni. Huyo ndiye mwenye ofisi ya rufaa pale hospitali, anayeamua mgonjwa yupi apelekwe nje na yupi abaki na vidonge vya maumivu. Alisema mji wenye mabingwa wa mgongo uko mbali, kilomita elfu saba na ushee, masaa tisa angani, na mwanamke mwenye uvimbe mgongoni hawezi kukaa kitako muda wote huo. Wiki ileile mke wa mkubwa mmoja alipaa kwenda hukohuko kung'arisha meno. Meno yana mbawa, mgongo wa mke wa fundi viatu hauna.

Tulipofika nyumbani mke wangu hakulia. Aliniambia, "Lete kiti."

Tulikiweka jikoni, kati ya ukuta na kabati, maana shemeji yangu, kaka yake, aliwahi kupanda ndege akasema viti vyake vinabana hivyo. Mkanda nilishona mwenyewe kwa ngozi ya mkoba mkuukuu. Kesho yake, baada ya chai ya asubuhi, tukapaa. Shemeji ndiye rubani, akatangaza kwamba abiria atakayekoroma atashushwa njiani. Mke wangu akamjibu kwamba na rubani anayenuka kikwapa vilevile. Choo aliruhusiwa, hata kwenye ndege kipo.

Mchana maumivu yakamshika. Jasho likamtiririka, meno kayauma. Nikataka kumfungua mkanda, akanipiga kofi mkononi.

"Tuko juu ya wapi?" akauliza.

"Juu ya bahari."

"Basi unaniteremsha wapi, mume wangu, kwa samaki?"

Jioni akatua. Alisimama kwa kushikilia kabati, akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Tukarudi kwa Bwana Muhuri, shemeji akiwa shahidi. Akasikiliza, akasema ndege ya moja kwa moja imeondolewa, siku hizi ni kubadili njiani, masaa kumi na tano. Mke wangu akasema atakaa na hayo. Na akakaa. Tukaambiwa tusubiri kikao cha wakubwa kipitishe. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena. Akafa kitandani, wakubwa hawajapata nafasi.

Baada ya mazishi Bwana Muhuri alikutana na shemeji, akampa pole, akasema safari ingemmaliza tu, marehemu hakuwa na uwezo wa kukaa. Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Kufa, nimemzika. Kuitwa aliyeshindwa, sikubali.

Leo asubuhi nimebeba kiti kichwani, nikakiweka kwenye mlango wa ofisi yake, nikafunga mkanda. Mlinzi akanibembeleza niondoke, asije akafukuzwa kazi. Nikamwambia ndege haisimami hewani. Bwana Muhuri akatoka.

"Mzee, unataka nini?"

"Sema aliweza. Sema ni wewe uliyekataa. Hapahapa, watu wasikie."

Foleni nzima ya wagonjwa ikageuka kututazama. Akatazama saa, akasema ana kikao, akatafuta pa kupita. Hapakuwepo. Akarudi ndani akajifungia.

Mama mmoja kwenye foleni, binti yake kamlalia mapajani, akaniambia na huyu wamesema hataiweza njia. Akaniomba nikishuka nimpishe. Nikamwambia kiti ni chake, na mkanda pia. Ila avumilie kidogo, mimi ndiyo kwanza nimepaa.