Gauni Lililogoma Mgongoni

Siku mama yake, fundi cherehani, alipompima gauni la kuvaa kwenye harusi ya dada yake mkubwa, Kibonge alibana tumbo mpaka macho yakamtoka. Jina hilo alipewa na shangazi yake, ambaye mwenyewe milango mingine huiingia kwa ubavu. Shangazi alikuwepo, kajaa kwenye kiti cha wateja, akieleza kwamba wanawake wa ukoo wao wana viuno vya nyigu, huyu sijui kamrithi nani. Mama, pini mdomoni, aliongeza kwa upole kuwa picha za harusi hazifutiki. Basi msichana akavuta pumzi, akaifungia ndani. Futi ikamzunguka, mama akaandika kwa chaki.

Alijiambia atapungua kabla ya siku yenyewe. Mchana aliruka chakula. Jioni njaa ikamrudisha jikoni kwa mikono miwili.

Siku ya kujaribu, zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Mama akaipaka sabuni, akavuta, wapi. Kibonge akangoja kugombezwa. Hakugombezwa. Mama alikaa chini taratibu, akavua miwani, akasema macho yamemwisha.

"Fundi akimkosea vipimo mtoto aliyemzaa mwenyewe, nguo za watu atazishonaje?"

Kesho yake mteja aliyeleta kitambaa alielekezwa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye mama alizoea kusema mishono yake inakwenda kama nyoka mlevi. Cherehani ikafunikwa shuka mchana kweupe, kama maiti. Kila alipoipita, Kibonge aliona ni yeye aliyeiua. Sasa chakula hakikupita kooni kweli, wala hakukumbuka gauni.

Jioni alimkuta mama akijipima macho kwa uzi na sindano. Uzi ukapita tunduni kwa jaribio la kwanza. Mama hakuuamini, akauchomoa.

"Mama, macho yako mazima. Nilibana tumbo uliponipima."

Mama akamtazama. "Muda wote ule?"

"Hata ulipokwenda kutafuta chaki."

"Na niliitafuta kweli." Mdomo ulitaka kucheka, macho yakakataa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yale maneno ya picha, kama yangemezeka, angeyameza. Kisha akaifunua cherehani, akachukua futi. "Simama. Shusha pumzi."

Ikashuka. Tumbo likaja mbele, likajitambulisha. Mama akapima upya, akaanza kufumua ubavu wa gauni. Fundi mzuri huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono.

Shangazi akaingia bila hodi. "Kibonge, mbona tena..."

"Wifi," mama akamkatiza, futi mkononi, "zamu yako. Na usibane."

Shangazi akakumbuka kaacha sufuria motoni.

Walicheka wote wawili, mpaka Kibonge alipoinama kuokota nyuzi zilizofumuliwa. Akautazama ule mshono ulioharibiwa kwa ajili yake. Matundu ya sindano yalikuwa yamenyooka tangu mwanzo hadi mwisho.