Ngozi Mpya ya Kamera ya Baba

Kazi ya yule binti fundi ilikuwa kuzirudishia ujana kamera ndogo za filamu. Vijana wanazigombania siku hizi, mradi ziwe na sura ya zamani na wakati huohuo zing'ae kama zimetoka dukani jana. Ukitafuta mantiki hapo utaumwa kichwa bure. Alibandua ngozi zilizochakaa, akapiga msasa, akapaka rangi ya fedha au ya maziwa, akazivisha ngozi ya kahawia, na wateja wakaondoka wakichekelea.

Basi akaona aibu kamera ya baba yake ibaki vile ilivyo. Mzee alikuwa mpiga picha hadi macho yalipompa kisogo, na tangu hapo alishinda nayo mapajani akiipapasa. Rangi nyeusi ilikuwa imelika pembeni mpaka shaba ikachungulia. Ngozi ilibonyea pale kidole gumba kilipokaa miaka nenda miaka rudi, na ukiifyatua ilikohoa kidogo kwanza. Binti aliichukua mzee akiwa amelala, akaitengeneza kwa moyo wake wote. Hakuwahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Alipomrudishia, alikaa kando akingoja kusifiwa. Mzee akaipapasa, akaigeuza, akaifyatua, akatega sikio. Haikukohoa.

"Hii si yangu," akasema.

Binti akacheka, akamweleza habari za msasa, rangi, gundi na mafuta. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyozidi kukunjamana. Shangazi akaitwa aamue, naye, maskini, akasema alichokiona: kamera mpya kabisa, haina hata mkwaruzo. Binti akala yamini, wapi. Ngozi ya zamani ingemwokoa, lakini alikwisha kuitupa na takataka za karakana.

Siku zilizofuata mzee hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alikula kimya, na binti akiingia aliuliza, "Nani?" ilhali nyayo zake anazijua tangu anaanza kutambaa. Hilo ndilo lililomkata maini.

Hatimaye akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Baba, niliiuza. Kuna mtu aliipenda, nikaingiwa na tamaa. Nisamehe."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Akanyoosha mkono, akakitafuta kichwa cha binti yake, akakipapasa taratibu.

"Si ungesema tangu mwanzo, mama? Kamera ni kitu tu. Wewe kunidanganya, hilo ndilo lililoninyima usingizi." Kisha akaichukua ile iliyokuwa mezani, akamkabidhi. "Na hii nayo kauze. Mimi sina haja nayo."

Binti akaipokea kwa mikono miwili, akaangua kilio. Mzee akadhani ni machozi ya toba, akazidi kumbembeleza.