Joka Lililotazama Bara

Steinvör aliiona kasoro asubuhi yenyewe ya Sikukuu ya Mabaharia, alipokuwa akiisugua kwa kitambaa medali aliyomchongea mkwewe. Joka lilikuwa limeelekeza domo lake kushoto.

Yeye alilichora likitazama kulia, yaani mashariki, baharini, kama inavyompasa mlinzi wa mji wao, Vopnafjörður. Lakini kinachochongwa ndani ya kalibu hutoka kimegeuka. Kila mchongaji analijua hilo, naye alikuwa amelisahau. Sasa joka, lile lile lililo kwenye sarafu za nchi pamoja na walinzi wenzake, tai, fahali na jitu, lilikuwa linaitishia nchi yake lenyewe.

"Mvalishe tu," alisema mumewe, Þorgils. "Macho ya baba siku hizi hayaoni hata kidau cha chumvi mezani."

"Chumvi haoni. Makosa ya mkamwana anayaona tangu bandarini."

Mzee Ásbjörn alikuwa nahodha. Boti yake ilipozama wakati wa baridi, aliwarudisha mabaharia wake wote wakiwa hai. Medali ya mji mkuu aliikataa. Hii aliikubali kwa ajili ya joka. Naye alikuwa wa wale wanaoishika sheria ya kale: chombo kikikaribia pwani, kichwa cha joka kilichochongwa kwenye omo, mbele ya chombo, huondolewa, walinzi wa nchi wasije wakatishika. Akikataa kuivaa, mabaharia wake nao hawatapanda jukwaani, na sherehe itakuwa matanga.

Steinvör alilitia andazi lake kwenye mfuko wa koti bila kulionja. Alivaa koti akateremka gatini, ambako mzee alikuwa amesimama na sweta yake ya sufu, akiukodolea macho mlingoti wa bendera.

"Baba, nimekosea. Joka linatazama bara."

Ásbjörn aliichukua medali, akaileta karibu na pua.

"Domo wazi hivi?"

"Wazi hivyo."

"Kwa walinzi wetu wenyewe."

"Najua. Ukikataa sitakulaumu."

Mzee aliigeuza medali kiganjani. "Kumbe nawe unakosea," alisema mwishowe. "Siku zote nilidhani ni mwanangu peke yake."

Akaishikilia medali kifuani, akasimama kama jukwaa lilivyopangwa, uso kusini. Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kugeuka polepole, kama boti inayotafuta upepo, mpaka uso ukaelekea kaskazini na bahari ikawa mkono wake wa kulia.

"Sasa linatazama wapi?"

Steinvör alilitazama joka, akatazama maji, akalitazama joka tena.

"Baharini, baba."

"Basi joka halina kosa. Mwenye kosa ni jukwaa."

Oddrún, mwenyekiti wa kamati, alikuja mbio. "Ásbjörn, viti vimeshapangwa na watu wameshakaa."

"Wakisimama watapata joto."

"Na upepo utawapiga usoni."

"Sisi ulitupiga usoni majira yote ya baridi. Hatukufa."

Basi mji mzima ukabeba viti vyake na kuvizungusha, watu wakinung'unika na kucheka. Kofia ya Þorgils ilipeperuka ikaishia majini. Steinvör alimvalisha mkwewe medali kwa mkono wake, na mabaharia wakapanda mmoja mmoja nyuma yake, wote wakitazama kaskazini kama walioambiwa na dira.

Sherehe ilipokwisha, njia ya kwenda nyumbani ilielekea bara. Ásbjörn alipiga hatua moja, akasimama, akaivua medali na kuitia mfukoni.

"Mbona unaivua?" aliuliza Þorgils.

"Tunakaribia pwani," alisema mzee.

Steinvör alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akalitoa lile andazi kwenye mfuko wa koti, likiwa limepondeka na kushika nyuzi za sufu, akalila lote.